Chakula cha Wagonjwa

Blenda ikisaga mchicha hupiga kelele za kuamsha mtaa mzima, kwa hiyo mpishi aliifunika kwa taulo la kuogea na kuikumbatia mpaka ikamaliza. Alikuwa peke yake nyumbani. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa kazini, na binti wa mumewe alikuwa shuleni. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa. Mchicha, karoti na kipande cha boga vilishachemshwa vikalainika, na sasa vilikuwa uji mzito wa kijani ambao mtu mwenye akili zake asingeuonja kwa hiari. Aliumimina ndani ya sufuria ya nyama ya kusaga na nyanya, akakoroga, akangoja. Rangi ya kijani ilipigana kidogo, kisha ikasalimu amri.

Halafu akakusanya mashina ya mchicha na maganda ya karoti, akayafunga kwenye gazeti na kuyasukuma chini kabisa ya ndoo ya taka. Mwizi wa benki asingefuta nyayo zake vizuri zaidi.

Hakuwa mgeni wa mambo haya. Alipika katika jiko la hospitali, zamu ya alfajiri, na upande wake ulikuwa chakula cha kusaga, cha wagonjwa wasioweza kutafuna. Hakuna mboga iliyowahi kumshinda. Waliomshinda ni watu wawili wa nyumba hii.

Jioni walikula tambi. Meza ilikuwa ndogo, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha kadibodi, na sahani tatu zikishakaa juu yake hapakuwa na nafasi ya kiwiko. Mtoto alikuwa wa darasa la tatu. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, ingawa tangu mpishi aolewe humu mdomo huo ulikuwa ukifanya kazi nusu siku tu. Alizungusha tambi kwenye uma, akala, akakwangua sahani.

"Anti, ipo nyingine?"

"Ipo tele. Lete sahani."

"Na mimi," alisema fundi.

"Wewe umeshaongezwa."

"Nimeongezwa tambi. Mchuzi sijaongezwa." Alipoupata, aliulamba mpaka kwenye kijiko cha kupakulia, akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni. "Leo umeweka nini humu?"

"Chumvi," alisema mpishi, "na subira."

Fundi alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na mpishi alikiweka kicheko hicho moyoni na kwenda nacho kwenye karo la vyombo. Alikuwa na furaha, hakuna haja ya kuzunguka. Aliingia katika nyumba ambayo picha ukutani ilikuwa ya mwanamke mwingine, na hakuwahi kuomba iondolewe. Alichotaka ni mtoto huyu ale chakula cha mkono wake na apate afya. Sasa alikuwa anakula.

Jambo lenyewe lilianzia chooni. Chiriku alikuwa akikaa humo muda mrefu, akitoka macho mekundu na mkono tumboni, na akiulizwa anasema hana kitu. Mpishi alimpeleka kliniki. Ilipofika zamu yao, muuguzi alimwacha mtoto kwenye benchi la mlangoni, akamwita mkubwa.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Naishi naye."

"Sijakuuliza unaishi na nani. Choo kigumu namna hii, mboga za majani anakula?"

"Akipewa hali."

"Akipewa na nani?"

Watu waliokuwa wakisubiri waliinua vichwa. Mpishi, ambaye alfajiri ile ile alikuwa amelisha nusu ya wodi za hospitali, alitazama viatu vyake. Pengine muuguzi aliona amepitiliza, maana alimwinamia na kushusha sauti. "Bila mboga, huyu utamrudisha hapa kila wiki. Hana ugonjwa wowote, ni tumbo tu. Fanya ujanja, asijue."

Chiriku hakusikia neno hata moja. Aliona tu muuguzi akiinama, sauti ikishuka, na wanawake wawili wakigeuka kwa pamoja kumtazama yeye.

Usiku wa siku ile mpishi alimuuliza mumewe kulikoni. Alikumbuka wiki zake za kwanza katika nyumba hii, alipoleta mezani sahani ya mchicha uliokaangwa vizuri, akitaka kujionyesha kidogo. Baba na binti waliitazama kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Mtoto alisema ameshiba. Baba aliisogeza sahani ukingoni, akala mkate mkavu.

"Hapendi," alisema fundi. "Usimlazimishe."

"Na wewe?"

"Na mimi sipendi. Tulale."

Mpishi alidhani ni mapishi yake. Mwanamke akikabidhiwa jiko la mwanamke mwingine, ni rahisi sana kudhani hivyo.

Siku iliyoharibu mambo, siku chache baada ya zile tambi, maji yalikatika shuleni na wanafunzi wakaruhusiwa mapema. Chiriku alizunguka kwa mlango wa nyuma, akasikia mngurumo uliozibwa, akachungulia penye ufa wa mlango. Alimwona Anti amekumbatia taulo. Alimwona akifunua blenda na kumimina majani yaliyosagwa ndani ya mchuzi. Alimwona akifunga mabaki kwenye gazeti, akitazama dirishani kama kuna mtu, na kuyazika ndani ya taka.

Alirudi kinyumenyume mpaka uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mtoto wa umri huo hujua mengi kuliko anavyoambiwa, na huyapanga mwenyewe kwa sababu hakuna anayempangia. Chiriku alijua majani yaliyosagwa ni chakula cha wagonjwa. Katika nyumba hii aliyekula hivyo alikuwa mama yake, kwanza kitandani hapa nyumbani, kisha kitandani hospitalini, bakuli baada ya bakuli. Walimwambia ni mafua, halafu uchovu, halafu mama amemaliza bakuli lake lote na sasa anapona. Halafu siku moja nyumba ikajaa viti vya kuazima.

Sasa majani yalikuwa ndani ya sahani yake yeye, na yalikuwa yanafichwa. Muuguzi alinong'ona. Na Anti mwenyewe ni nani, kama si mpishi wa wagonjwa? Kumbe ndiyo maana Baba alimleta. Chiriku alielewa kila kitu. Alielewa vibaya kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini hapakuwa na tundu hata moja katika kuelewa kwake.

Jioni ile alikula akamaliza. Hakutaka, lakini alikumbuka jinsi Baba alivyokuwa akifurahi bakuli la Mama likiwa tupu. Akasogeza sahani mbele.

"Anti, ipo nyingine?"

"Mtoto huyu," alisema mpishi, akiona fahari waziwazi, "kwa ulaji huu atatuhamisha nyumba."

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa penseli za rangi. Mama wa nyumba ya pili alikuja nazo mkononi, mtoto wake akilia nyuma yake.

"Jirani, hebu zihakiki. Wangu anasema amepewa, na mimi sitaki kuitwa mwizi."

Chiriku aliitwa, akasema ni kweli, amempa zote, pamoja na kichongeo. Zikarudi kwa jirani. Kisha ikafuata kamba ya kuruka. Kisha akaonekana ameketi sakafuni anapanga vitabu vyake vya hadithi mafungu mafungu, akijisemea peke yake, kama mwenye duka anayefunga biashara.

Mpishi alikuwa anakunja nguo kitandani mwa mtoto alipoulizwa swali.

"Anti, hiki kitanda kinatosha mtoto mkubwa kuliko mimi?"

"Mtoto gani?"

"Yeyote atakayekuja."

Mpishi aliacha kukunja. "Nani amekuambia kuna mtoto anakuja?"

"Hakuna. Nauliza tu, nikiwa sipo."

"Unataka kwenda wapi?"

Chiriku alimtazama kwa huruma, huruma ya mtu mzima kabisa, akaokota soksi na kuitafutia mwenzake. "Si mimi ninayetaka," alisema.

Maneno hayo yalimchoma mpishi mahali ambapo hapakuwa na ngozi. Alisikia alichokuwa akiogopa kukisikia tangu siku ya kwanza: mtoto anajiona anafukuzwa, na anayemfukuza ni yeye. Aliendelea kukunja nguo moja ile ile. Hakuuliza zaidi, maana aliogopa jibu, na huo ndio ulikuwa uoga wa nyumba nzima.

Jumamosi alikuja shangazi, dada mkubwa wa fundi, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye futi la kupimia shingoni hata siku ya kutembelea ndugu. Alifunua sufuria kabla hajavua viatu.

"Nyama ya kusaga tena. Mnakula vizuri kwenye nyumba hii."

"Karibu, wifi," alisema mpishi. "Nikupakulie?"

"Sina njaa. Mtoto mbona kakonda?"

Mtoto hakuwa amekonda, lakini hakuna mama wa kambo aliyewahi kushinda mabishano ya namna hiyo. Chiriku alitoka chumbani na gauni lake la njano, lile la sherehe, limekunjwa vizuri. Alipewa wakati Mama akiwa hai, likashonwa na shangazi huyu huyu.

"Mpelekee binamu. Mimi sitalivaa tena."

"Limekubana?"

"Hapana. Litamfaa."

Shangazi alilipokea, akalipitisha vidole kwenye pindo, akamgeukia mpishi polepole. "Wifi, mimi nimelea watano. Mtoto akianza kugawa nguo zake, huyo anafungasha. Simlaumu mtu. Nasema tu mtoto anajua anapotakiwa na asipotakiwa."

Fundi alikuwa pale pale, amekaa kwenye kigoda, anafungua feni ya dada yake iliyokataa kuzunguka. Bisibisi ilisimama kidogo. Mpishi alimtazama, akisubiri. Aliomba neno moja tu kutoka kwake, hata kikohozi.

"Nimchukue kwangu," shangazi aliendelea. "Mpaka mambo yatulie."

"Tutaona," alisema fundi, na bisibisi ikaendelea.

Shangazi alipoondoka, mpishi aliosha sufuria safi. Aliiosha mara ya pili.

"Umeshindwa kusema neno moja."

"Ningesema nini? Anagawa vitu vyake. Wewe unajua kwa nini?"

"Kwa sababu yangu. Si ndivyo mnavyofikiri nyote?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema lolote. Ukitengeneza friji ya mtu unamweleza mpaka rangi ya waya. Hapa ndani unasema tutaona."

Fundi aliufuta uso wake kwa kiganja chote. Alikuwa mtu mwema aliyejifunza vibaya kitu kimoja, kwamba jambo lisiposemwa huenda lisitokee. "Nimwambie nini mtoto ambaye hata mimi simwelewi?" alisema.

"Basi aende," alisema mpishi. Alisema kwa upole, na upole huo ulimgharimu. "Sitaki alale kwenye nyumba anayoiogopa. Kesho nitamfungia nguo."

Kesho yake alipika tambi. Aliweka mchicha zaidi ya siku zote, kwa sababu huko aendako mtoto nani angejua kumwekea, na akalia kidogo ndani ya taulo la blenda kwa kuwa lilikuwa karibu. Mfuko wa nguo ukawekwa mlangoni. Shangazi angepita kumchukua baada ya chakula.

Chiriku aliuona alipokuja mezani.

"Wa nani?"

"Wako," alisema fundi. "Utakaa kwa shangazi kidogo. Utaenda shule na binamu."

"Kidogo mpaka lini?"

"Tutaona."

Mtoto alikaa. Alishika uma, akauweka. "Kwa nini nisikae hapa?"

"Si unataka kwenda?" aliuliza mpishi.

"Sitaki. Mama hakupelekwa kwa shangazi. Mama alikaa hapa mpaka hospitali. Na mimi nataka kukaa hapa mpaka hospitali."

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. "Hospitali ya nini, mwanangu?"

"Najua kuna majani humu." Chiriku alikuwa akiiambia sahani. "Nilimwona Anti. Lakini nimekuwa namaliza, Baba. Namaliza yote na naongeza. Sijamsumbua mtu."

Jirani alikuwa akipiga pasi redio ikiimba, na ukuta ulipitisha kila kitu.

"Nani amekuambia unaumwa?" fundi aliuliza.

"Hakuna. Huwa hamsemi."

Mpishi, tuseme ukweli, kwanza aliona nafuu. Mtoto hakuwa anamkimbia. Kisha aibu ikampata kwa kuona nafuu mbele ya kitu kama hiki: mtoto mdogo amekaa wiki nzima mezani kwake anakula kifo chake kwa adabu, na yeye anamwongezea. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na lile gazeti lililolowa. Akalifungua katikati ya meza, kati ya sahani.

"Tazama. Haya ni mashina ya mchicha. Haya maganda ya karoti. Hii ngozi ya boga. Nimekuwa nakuwekea, na nikakuficha, na sikufanya vizuri kukuficha. Muuguzi alisema tumbo lako halipati choo kwa sababu huli mboga. Hayo ndiyo yote aliyosema. Huna ugonjwa mwingine."

Chiriku aliyagusa maganda kwa kidole. "Ni choo tu?"

"Choo tu."

"Watu hawafi kwa choo?"

"Wewe hufi kwa choo. Juzi umekwenda bila kulia, au uongo?"

Chiriku alifikiri, akakiri kwa kichwa. Lakini hakuwa mtoto wa kudanganywa mara mbili, akamgeukia baba yake. "Mama pia mlisema hivyo. Mlisema amemaliza bakuli, anapona. Na mimi nililiona bakuli lilikuwa tupu kweli."

Sasa ilikuwa zamu ya fundi, na hapakuwa na bisibisi ya kushika. Mpishi aliweka mkono wake mezani karibu na wake, bila kumgusa.

"Alikuwa hamalizi," alisema fundi.

"Nililiona."

"Uliona nililomaliza mimi." Machozi yalimtoka na akayaacha. "Vijiko viwili vilikuwa vinamshinda. Ukitoka na shangazi kwenda kununua maji, ananiambia nimalizie haraka kabla hujarudi. Ulikuwa ukikuta bakuli tupu unarukaruka wodini mpaka wauguzi wanakugombeza. Mama yako alipenda kukuona ukiruka. Basi nikamaliza. Kila siku nilimaliza supu ya mgonjwa, na mgonjwa ananitazama anacheka. Ndiyo maana majani hayapiti hapa." Aligusa koo. "Si kwamba sipendi."

Mpishi hakuwa amelijua hili. Alikuwa amelala pembeni ya mwanamume huyu na hakulijua. Na kitu kingine kilimjia polepole, akakisema kwa sababu jioni hii ilikuwa imeshaamua kuwa ya kusema.

"Hospitali ile ndiyo ninayopikia. Mimi na baba yako tulifahamiana baadaye, alipokuja kutengeneza friji kubwa la jikoni. Lakini supu ya wodi zote hutoka kwangu. Supu ya mama yako niliipika mimi."

Chiriku alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Alikuwa akiisifu?"

"Sijui. Mabakuli yanarudi jikoni hayana majina."

"Ilikuwa tamu?"

Mpishi alitikisa kichwa. "Haikuwa tamu. Haturuhusiwi kutia chumvi ya kutosha."

"Ilikuwa mbaya sana," alisema fundi, na katikati ya kilio akacheka, kicheko cha puani, cha aibu. "Nisamehe, mke wangu. Ilikuwa mbaya sana."

Chiriku naye alicheka kidogo kwa kuwaona, kisha akalia, kilio chenye sauti sasa, kile alichokuwa amekikalia tangu siku ya ndoo uani. Baba alimpakata ingawa miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu. Tambi zilipoa. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kola ya shati la baba yake, akauliza jambo lililokuwa limebaki.

"Siku nikiumwa kweli, nani ataniambia?"

Fundi alitazama sahani yake. Alijijua.

"Mimi," alisema mpishi.

"Hata Baba akikataa?"

Mpishi alimtazama mumewe juu ya kichwa cha mtoto. Haikuwa ahadi ndogo, na yeye hakuwa na cheo kikubwa katika nyumba hii. Fundi aliinamisha kichwa.

"Hata akikataa," alisema mpishi.

"Basi nitahitaji penseli zangu," alisema Chiriku.

Shangazi alipofika alikuta mfuko umefunguliwa na nguo zimerudi kabatini. Kaka yake alimweleza mwenyewe, amesimama wima, maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia kwa mwaka. Shangazi alisikiliza, akavua futi shingoni, akaomba apakuliwe. Hakuomba radhi, si tabia yake. Ila alikula sahani mbili za mchuzi ule akijua kilichomo, na wiki iliyofuata gauni la njano lilirudi limeongezwa pindo.

Mchicha haukupendwa ghafla, kwa sababu hii ni nyumba ya watu. Chiriku alikubali uwemo kwenye mchuzi kwa sharti kwamba aumimine yeye mwenyewe, amesimama kwenye kigoda, akihoji kila kilichoingia kama mkaguzi wa afya. Fundi alijaribu tonge moja la mboga peke yake, akalisukuma kwa maji, mkewe akaongea habari za mvua mpaka likapita. Tonge la pili alilila siku nyingine.

Kisha asubuhi moja mtoto hakuamka. Mpishi siku hiyo alikuwa na mapumziko. Alimkuta amejikunja, mashavu yanawaka, akimeza mate kwa taabu. Alirudi ukumbini, ambako fundi alikuwa anafunga boksi lake la vifaa.

"Ana homa. Koo limevimba."

Rangi ilimtoka fundi. Mara moja mazoea yakamrudia, akanong'ona. "Mwambie ni uchovu tu. Mwambie tunatoka kutembea. Tukifika hospitali tutajua la kusema."

Mpishi alirudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja kwenye paji la uso linalochoma. Chiriku alifumbua macho.

"Anti, naumwa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, laini, wa huruma, na mpishi aliona jinsi ungekuwa rahisi, na akamwelewa kabisa mwanamke wa kwenye picha.

"Ndiyo," alisema. "Unaumwa. Una homa na koo lako limevimba. Nadhani ni mafindofindo, lakini mimi si daktari. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na watakachosema nitakuambia."

"Chote?"

"Chote."

Chiriku aligeuza kichwa, polepole, kwa sababu kilikuwa kizito. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na boksi lake mkononi.

"Baba, ni kweli?"

Fundi aliliweka boksi chini. Alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, akaokota kiatu.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Unaumwa."

Chiriku alishusha pumzi ndefu, akamnyooshea mguu amvalishe.